Sydney Barnes: Bingwa wa kriketi aliyeweka rekodi kwenye mkeka, mahali ambapo nyasi hazikuota

KATIKA historia yote ya kriketi, hakuna mrushaji aliyewahi kunyakua wiketi nyingi katika mfululizo mmoja wa mechi za kimataifa kumshinda Mwingereza Sydney Francis Barnes. Nchini Afrika Kusini, katika msimu wa 1913-14, Barnes aliwatoa uwanjani wapigaji 49 kwa mechi nne pekee. Rekodi hiyo imedumu kwa zaidi ya karne moja.

Wengi wanaoifahamu rekodi hiyo husahau mahali ilipowekwa. Haikuwekwa juu ya zulia la nyasi za kijani lililomwagiliwa na kukatwa kila asubuhi. Iliwekwa juu ya mikeka iliyotandazwa kwenye ardhi ngumu, kavu na isiyo na nyasi, ardhi ambayo mkazi wa Lodwar au Kakuma katika Kaunti ya Turkana angeitambua mara moja kuwa ndugu wa ile anayoikanyaga kila siku.

Kwa hiyo maisha ya Barnes yana somo kwa mahali kama hapo, ambapo mvua ni haba na ambapo wengi hudhani kuwa mchezo huu haupaswi hata kutajwa.

Kriketi hushindaniwa na pande mbili, gongo na mpira. Mrushaji huurusha mpira akilenga vijiti vitatu, naye mpigaji husimama mbele ya vijiti hivyo akivilinda kwa gongo lake huku akisaka mikimbio. Mpigaji akitolewa, husemwa kuwa wiketi imeanguka. Kati ya wawili hawa pana ukanda wa ardhi wenye urefu wa yadi 22, yaani takribani mita 20, uitwao pichi. Kwa kawaida mpira hudunda kwenye pichi kabla ya kumfikia mpigaji, na hapo ndipo ardhi inapotoa uamuzi wake.

Pichi iliyoshindiliwa vizuri kwa rola, yenye udongo wa mfinyanzi unaoshikana, huudundisha mpira kwa namna ile ile kila mara. Mpigaji huizoea, akatulia na kuvuna mikimbio. Pichi yenye nyasi mbichi na unyevu humfaidi mrushaji wa kasi, kwa kuwa mshono wa mpira hushika na kuupotosha kidogo. Pichi iliyokauka hadi ikapasuka humpa nguvu yule azungushaye mpira kwa vidole, kwa sababu mpira huuma vumbi na kugeuka ghafla. Nayo ile iliyolowa mvua kisha ikachomwa na jua kali ndiyo inayoogopwa zaidi na wapigaji, kwani mpira mmoja huruka hadi kifuani na unaofuata ukatambaa chini.

Yeyote aliyeishi Kakuma, kwenye kingo za laga ya Tarach, au Lodwar kando ya Mto Turkwel, ameyaona mabadiliko ya ardhi ya aina hii bila kuhitaji kriketi. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima haifiki milimita 250. Kwa miezi mingi ardhi hukauka ikawa ngumu mithili ya sakafu. Mafuriko ya ghafla yakipita kwenye laga, huacha tabaka la matope ambalo jua hulipasua vipande vipande kwa siku chache. Penye mchanga, ardhi haishikani kabisa, na hata mpira wa kandanda hudunda usivyotarajiwa. Mtu akirusha mpira wa kriketi juu ya ardhi hiyo ikiwa tupu, mpigaji hatakuwa na la kutegemea ila bahati.

Barnes alizaliwa Aprili 19, 1873, mjini Smethwick, katika jimbo la Staffordshire, eneo la viwanda karibu na Birmingham. Hakutoka katika tabaka la mabwana waliocheza kriketi kwa starehe. Wakati huo Uingereza iliwagawa wachezaji mafungu mawili, waungwana waliosemekana kucheza bila malipo na wafanyakazi waliolipwa. Katika viwanja vingi hata vyumba vya kubadilishia nguo vilitenganishwa. Barnes alikuwa wa fungu la pili, na hakulificha wala kulionea haya.

Alijaribu bahati yake na timu ya Warwickshire kati ya 1894 na 1896, ila hakung'ara. Akaelekea kaskazini kwenye Ligi ya Lancashire, ambako klabu za miji ya viwanda ziliajiri mchezaji mmoja wa kulipwa na kumtarajia ashinde mechi za Jumamosi. Alianzia klabu ya Rishton, kisha akahamia Burnley. Huko viwanja vilikuwa vya kila aina, vilivyolowa na vilivyokauka, vilivyotunzwa na vilivyotelekezwa. Mrushaji aliyetegemea pichi ya aina moja hakudumu. Barnes alijifunza kuisoma ardhi kabla ya kuushika mpira.

Silaha yake ilikuwa nadra. Wakati ule warushaji wa kasi walitegemea kasi na mshono, nao wazungushaji walitegemea mwendo wa polepole ili mpira upate muda wa kugeuka. Barnes aliyaunganisha mawili hayo. Alikuwa mrefu, mwenye mkono ulioinuka juu na vidole virefu vyenye nguvu, na aliuzungusha mpira kwa vidole akiwa katika mwendo wa wastani unaokaribia kasi. Mpira wake wa kuogofya zaidi ulielea hewani ukielekea miguuni pa mpigaji, kisha ukigusa ardhi uligeuka na kukimbilia upande wa pili kuelekea vijiti. Wapigaji wengi hawakutambua kilichotokea hadi walipogeuka na kuona vijiti vimelala.

Mwaka 1901 nahodha wa Uingereza, Archie MacLaren, alikabiliana naye mazoezini katika uwanja wa Old Trafford mjini Manchester. Mrushaji huyu aliyekuwa hajulikani nje ya ligi za vijijini na mijini alimtatiza nahodha kiasi kwamba alichukuliwa kwenye ziara ya Australia. Uteuzi huo uliwashangaza wengi, maana mtu huyu alikuwa amecheza mechi chache mno za daraja la kwanza.

Hakumwaibisha aliyemteua. Katika mechi yake ya kwanza ya Testi, yaani mechi ya mataifa inayochezwa kwa siku kadhaa, alinyakua wiketi tano kwa mikimbio 65 mjini Sydney mnamo Desemba 1901. Katika mechi ya pili mjini Melbourne alipata wiketi 13. Hata hivyo, goti lake lilimsaliti katika mechi ya tatu, na ziara yake ikaishia hapo.

Aliporejea nyumbani aliichezea Lancashire kwa misimu miwili mizima, 1902 na 1903, kisha akaondoka baada ya kutoelewana kuhusu mkataba. Kucheza kriketi ya kaunti siku sita kwa wiki kwa ujira mdogo, tena bila uhakika wa riziki wakati wa baridi, hakukumvutia. Alichagua kuitumikia Staffordshire, kaunti ndogo iliyokuwa nje ya ligi kuu, pamoja na klabu za Jumamosi zilizomlipa vyema zaidi, huku akiwa na kazi ya uandishi wa ofisini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na Barnes alitaka kutunzwa kwa shilingi zinazohesabika. Wapo waliomwona kuwa mtu mgumu, mkali wa uso na mwenye majivuno. Ukweli ni kwamba aliijua thamani ya mkono wake katika zama ambazo mfanyakazi hakutarajiwa kuitaja. Gharama yake ilikuwa kubwa. Katika miaka iliyofuata aliachwa nje ya mechi nyingi za Uingereza, na alimaliza maisha yake ya kimataifa akiwa amecheza mechi 27 tu za Testi. Hata hivyo, katika hizo chache alinyakua wiketi 189, kwa wastani wa mikimbio 16.43 kwa kila wiketi.

Alirudi Australia akiwa na umri wa miaka 38. Katika mechi ya kwanza ya mfululizo wa 1911-12, kaimu nahodha Johnny Douglas aliamua kuufungua mchezo kwa kurusha yeye mwenyewe, akamweka Barnes kando kwa muda. Uingereza ikapoteza. Katika mechi ya pili mjini Melbourne kosa hilo halikurudiwa. Asubuhi ya Desemba 30, 1911, Barnes aliwatoa wapigaji wanne wa kwanza wa Australia huku akitoa mkimbio mmoja pekee. Muda si muda wenyeji walikuwa na mikimbio 38 huku wapigaji sita wakiwa wameondoka. Uingereza ilishinda mechi hiyo na hatimaye mfululizo kwa 4-1, Barnes akiwa na wiketi 34.

Mwaka 1912 Uingereza, Australia na Afrika Kusini zilikutana katika mashindano ya mataifa matatu. Majira hayo yalikuwa ya mvua nyingi nchini Uingereza, na pichi zililowa kisha kukauka kwa zamu. Raia wa Afrika Kusini, waliozoea mkeka, walijikuta katika ardhi wasiyoielewa. Barnes alinyakua wiketi 34 dhidi yao katika mechi tatu. Katika uwanja wa The Oval jijini London aliwatoa wapigaji wanane kwa mikimbio 29 katika zamu moja.

Ilibaki kuulizwa swali moja. Je, mtu huyu angefanya nini kama yeye ndiye angepelekwa kwenye ardhi ya wenzake?

Jibu lilipatikana mwaka uliofuata. Afrika Kusini ya wakati huo haikuwa na pichi za nyasi kwa mechi zake kubwa. Mjini Johannesburg uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu na changarawe, na juu yake ulitandazwa mkeka mzito uliovutwa na kukazwa kwa mambo pembeni. Mikeka ya kriketi ya aina hiyo ilifumwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, zile zile zinazosokotwa kuwa kamba katika pwani ya Afrika Mashariki.

Mkeka una tabia zake. Mpira wenye mzunguko unaposhuka, nyuzi huushika na kuugeuza kwa haraka kuliko nyasi. Pia mpira hudunda juu zaidi, hasa ardhi iliyo chini ikiwa ngumu. Haya yote humfurahisha mrushaji mwenye vidole. Ila mkeka humpa na mpigaji kitu asichopewa na ardhi tupu. Hauna mashimo wala nyufa, na mdundo wake wa siku ya nne haupishani sana na wa siku ya kwanza. Mpigaji mwenye macho makali na miguu myepesi anaweza kuuamini. Kwa nyasi, aliyeshinda kura ya sarafu na kuchagua kupiga kwanza mara nyingi huwa ameshanufaika kabla pichi haijachakaa. Kwa mkeka, faida hiyo hupungua.

Wenyeji pia wana nafasi ya kuuelekeza mchezo watakako, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mkeka uliokazwa sana hufanya mpira uje kwa kasi na unyoofu, na kumfaa mpigaji. Ukilegezwa kidogo, mpira huuma na kugeuka, na kumfaa mzungushaji.

Barnes, aliyekuwa na umri wa miaka 40, hakuhitaji kulegezewa. Alianza mjini Durban kwa wiketi 10. Katika mechi ya pili, iliyoanza Desemba 26, 1913, mjini Johannesburg, aliwatoa wapigaji wanane katika zamu ya kwanza na tisa katika zamu ya pili. Wiketi hizo 17 kwa mikimbio 159 zilikuwa rekodi ya dunia kwa mechi moja ya Testi. Katika mechi ya tatu alipata nane, na katika ya nne, mjini Durban tena, akapata 14. Jumla ilikuwa 49, kwa wastani wa mikimbio 10.93 kwa kila wiketi.

Lau hadithi ingeishia hapo, mtu angesema kuwa mkeka ni mtego wa kuwaangamiza wapigaji. Lakini upande wa pili alikuwapo kijana wa miaka 24, Herbie Taylor, nahodha wa Afrika Kusini. Katika mechi ya kwanza, wenzake walipokuwa wakianguka mmoja baada ya mwingine, Taylor alipata mikimbio 109 kati ya 182 ya timu nzima. Alipoichezea Natal dhidi ya wageni hao hao alipata 91 na 100, na Natal ikawa timu pekee iliyowashinda Waingereza katika ziara hiyo. Mfululizo wa Testi ulipokwisha, Taylor alikuwa na mikimbio 508, kwa wastani wa 50.80.

Taylor aliutazama mkono wa Barnes tangu mpira ulipotoka vidoleni, akasubiri hadi dakika ya mwisho, kisha akasogea kwa hatua fupi za uhakika. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mkeka, pamoja na ukatili wake, haukudanganya. Ardhi ile isiyo na nyasi ilimpa mrushaji bora duniani uwanja wa kuonyesha kila alichokijua, na wakati huo huo ikampa mpigaji aliyejiandaa njia ya kumjibu. Usawa kati ya gongo na mpira haukuhitaji nyasi. Ulihitaji pichi inayotabirika, na watu wawili walioielewa.

Barnes hakucheza mechi ya tano mjini Port Elizabeth kutokana na mzozo kuhusu malipo. Miezi michache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka, na hakuichezea tena timu ya taifa. Hivyo pambano lake na Taylor ndilo lililokuwa tamati ya safari yake ya kimataifa. Katika orodha ya viwango vya Shirikisho la Kriketi Duniani, alama 932 alizofikia wakati huo hazijafikiwa na mrushaji mwingine yeyote wa Testi.

Aliendelea na klabu za ligi na Staffordshire hadi alipopita umri wa miaka 60. Mwaka 1929, akiwa na miaka 56, aliwatoa wachezaji wanane wa timu ya Afrika Kusini iliyozuru Uingereza. Uzeeni aliendelea kuandika nyaraka za baraza la Staffordshire kwa mkono, na hati yake ilisifiwa kwa uzuri. Vidole vilivyozungusha mpira ndivyo vilivyoshika kalamu.

Alishuhudia mengi yakibadilika. Katika miaka ya 1930 Afrika Kusini iliiacha mikeka na kuhamia nyasi. Mwaka 1956 rekodi yake ya wiketi 17 katika mechi moja ilivunjwa na Jim Laker, aliyewatoa Waaustralia 19 katika uwanja wa Old Trafford, kwenye pichi kavu iliyouzungusha mpira vilivyo. Mwaka 1963 kitabu cha mwaka cha Wisden kilimtaja Barnes miongoni mwa majabali sita wa karne. Alifariki Desemba 26, 1967, akiwa na umri wa miaka 94, siku ambayo ilitimu miaka 54 tangu kuanza kwa mechi yake ya wiketi 17.

Uwanja wa haki, hata hivyo, hautokani na udongo pekee. Timu za Afrika Kusini alizokabiliana nazo Barnes zilikuwa za Wazungu watupu, na Waafrika waliozaliwa juu ya ardhi hiyo hiyo hawakuruhusiwa kuiwakilisha. Kenya ya kikoloni nayo iliitenga kriketi kwa rangi, klabu za Wazungu huku na za Waasia kule, na Waafrika wakabaki watazamaji kwa muda mrefu. Viwanja vingi vya Kenya vilikuwa vya mkeka. Milango ilipofunguka, matokeo yalionekana. Kenya iliishinda West Indies mjini Pune, India, Februari 29, 1996, na mwaka 2003 ikaishinda Sri Lanka jijini Nairobi, Collins Obuya akinyakua wiketi tano kwa mikimbio 24, kisha ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Turkana haijakosa vipaji. Wanariadha watano kutoka Sudan Kusini waliokuwa wakimbizi Kakuma walishiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Kuhusu kriketi, mifano ya mbali inatia moyo zaidi. Waafghanistan wengi walijifunza mchezo huu wakiwa wakimbizi nchini Pakistan, na taifa lao lilipewa hadhi ya kucheza Testi mwaka 2017, kisha likafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024. Nchini Rwanda, kriketi ilienea kupitia waliorejea kutoka uhamishoni baada ya 1994.

Mjini Lodwar au Kakuma, maji ya kunyunyizia nyasi yana kazi nyingine ya dharura, na hakuna awezaye kulaumu kipaumbele hicho. Lakini mkeka hauhitaji maji. Unahitaji ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa, au sakafu nyembamba ya saruji, pamoja na mambo ya kuukazia. Mchagua jembe si mkulima, na Sydney Barnes, aliyerusha kwenye matope ya Lancashire, nyasi za Melbourne na changarawe za Johannesburg, hakuwahi kuichagua ardhi. Aliisoma, na rekodi yake kuu aliipata pale ambapo hapakuwa na nyasi hata moja.